Kiingereza cha Kuumwa Tumbo

Karibu na chakula cha mchana, meneja wa hoteli aliwakusanya wapishi akawafundisha Kiingereza cha kutapika, kuhara na homa. Kisha akawakaririsha sentensi moja: "Chakula chetu hakina shida, labda ni maji mliyokunywa njiani."

Mpishi wa supu, mama mtu mzima asiyeburuzwa kirahisi, alishika kalamu bila kuandika.

"Bosi, kwani nani anaumwa?"

"Hakuna, mama. Tunajiandaa tu."

Machale yakamcheza. Somo lilipokwisha, alikwenda moja kwa moja kwenye friji kubwa. Taa ya ndani haikuwaka, wala ubaridi haukumgusa. Akabonyeza kuku aliyechemshwa juzi. Utelezi ukamganda kidoleni, akaunusa: umeshaoza.

"Kuku wenzake wameshapelekwa mezani," meneja alisema nyuma yake. "Hao waliobaki watie pilipili nyingi."

Mama alisukuma mlango wa ukumbini kwa bega. Meza ya kwanza, mgeni mmoja alikuwa anainua kijiko. Mama akafungua mdomo, lakini Kiingereza chote kikamtoka kichwani.

Akamshika mgeni mkono wenye kijiko.