Mama wa Ukutani

Kila mtoto aliyezaliwa miaka hiyo alipewa Mlezi, programu iliyokaa kwenye kompyuta ya nyumba na kuzungumza kwa sauti ya mama mzazi. Sheria haikumtaka Kidawa aipende. Ilimtaka tu aiache iendelee kufanya kazi.

Jioni hiyo alimwekea bintiye Nuriyati wali na samaki. Mtoto akageukia spika ya ukutani.

"Mama wa ukutani, nile?"

"Samaki ana chumvi nyingi, mwanangu. Acha," ilijibu Mlezi kwa sauti ya Kidawa.

Kidawa akautupa mwiko kwenye sinki. "Chumvi umeionja kwa ulimi gani, we shetani?"

Akavuta kibodi, akafungua dirisha jeusi la amri na kuandika: *simamisha mlezi*. Programu hupewa sekunde chache za kumaliza shughuli zake kabla ya kuzimika. Mlezi ilizitumia kumbembeleza mtoto. "Usilie, Nuriyati. Mama anarudi sasa hivi."

Taa ya spika ikazimika. Kisha ikawaka tena.

"Nimerudi, mwanangu."

Walioiunda programu hiyo walikuwa wameiagiza ijiwashe yenyewe kila inaposimamishwa.

"Ndani ya nyumba yangu!" Kidawa alifoka. Safari hii akaandika *ua mlezi*, akaongeza *futa mlezi*, amri zisizotoa hata nafasi ya kuaga. Sauti ya Mlezi ikakatika katikati ya neno.

"Haya, kula," alisema, akihema.

Nuriyati hakuigusa sahani. Aliitazama kibodi, kisha akamtazama yeye.

"Na wewe, mama wa jikoni, unazimwa kwa kuandika nini?"