Swali la Daktari

"Mimba ina wiki sita, Wenqi, kwa hiyo njia zote mbili za kuitoa zinawezekana," daktari alisema. "Ukitaka vidonge, utameza kimoja leo, kisha keshokutwa urudi kwa vingine. Tumbo litakukaza na damu itatoka kwa saa kadhaa. Ukitaka kusafishwa kizazi, utapewa usingizi, na dakika kumi zinatosha. Unataka ipi?"

Mama alikuwa amekuja na chupa ya maji moto ya tangawizi, maana alishaapa kwamba, kwa desturi yetu Wachina, mimba ikishatoka sitagusa kitu baridi mwezi mzima. Mkono wake ulisimama juu ya kifuniko.

"Unamuuliza yeye?"

"Ndiyo, mama. Mwili ni wake."

"Huyu? Huyu hata tambi hajui kuchagua, za supu au kavu!"

Nilicheka peke yangu. Mama alikuwa amemkazia daktari macho, mdomo wazi.

"Mimi maofisa wa serikali walinipakia kwenye trekta, wakanipeleka kutolewa mimba," alisema taratibu. "Wakati ule mtoto wa pili hakuruhusiwa. Hakuna aliyeniuliza hata jina."

Mvuke wa tangawizi ulipenya chini ya kidole gumba chake, lakini hakukiondoa.

Mimi nilikuwa nimeshaamua tangu asubuhi. Hata hivyo nilizichukua karatasi mbili za maelezo alizokuwa akizisoma daktari, nikazisogeza mbele ya Mama.

"Mama, wewe ungechagua ipi?"

Aliweka chupa chini. Akafuta viganja kwenye suruali, akavuta kiti hadi mezani, akanyoosha mgongo.

"Nisomee tena, daktari," alisema. "Polepole. Zote mbili."