Damu ya Kupaka

Salha alikuwa akimalizia sanamu ya mwisho kati ya zile za wapiganaji wa Lakota, Wahindi Wekundu waliopigana na jeshi la Marekani, kila moja ndogo kama kidole gumba, mteja wake, Bwana Mwinjaka, alipoingia. Akaziinamia mezani, akaguna.

"Safi. Sasa wapake damu vifuani. Kwangu hawa ndio walioshindwa."

"Lakini vita hivyo walishinda wao, Bwana. Ndiyo maana nimewachora wakicheka."

"Kwani ulikuwepo? Wapake, mama, la sivyo sizichukui."

Chumba cha pili mumewe alikohoa, na dawa ilikuwa imekwisha tangu jana. Salha akachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Akawaua mmoja mmoja, na kila mmoja akazidi kucheka. Alipomfikia yule wa mwisho, mwenye unyoya mmoja kichwani, mkono ukamgomea. Bwana Mwinjaka alipogeuka kuchukua boksi, Salha akamficha kiganjani, akakunja ngumi.

Hakuikunjua mpaka mteja alipoondoka na boksi lake. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba huyo rangi yake ilikuwa bado mbichi. Sanamu ilibaki madini tupu ya risasi, haina macho wala mdomo. Kicheko kilikuwa kimeganda kiganjani mwake, na chumba cha pili mumewe alikuwa akimwita.