Kiraka cha Kumi na Saba

Kiraka cha kumi na saba kilipotolewa, pampu ya majaribio iliacha kukoroma.

"Mmesikia?" Pilipili aliwageukia wajumbe watatu wa kamati. "Tangi tupu, halina hata tone. Nimetoa cha ishirini na tatu, pampu inakoroma. Nikashuka kimoja kimoja, inakoroma tu. Nimetoa hiki, kimya. Ugonjwa ulikuwa humu."

"Hilo tulilijua tangu miaka miwili iliyopita," Meneja alisema, akijifuta jasho shingoni. "Ndiyo maana Mjomba alifukuzwa."

Damu ilimchemka. Hakuitwa Pilipili bure.

Ofisi yao iliandika programu za kuendesha pampu za maji za mji mzima. Badiliko lolote liliandikwa kama kiraka, na viraka vilipangwa kimoja juu ya kingine kama sahani kabatini: ukitaka ya chini, sharti uinue za juu kwanza. Kila kiraka kilianza na mstari wa jina la mwandishi, tena jina la utani, kwa kuwa Mjomba, aliyewafundisha wote kazi, alisema jina la cheti ni la polisi.

Kiraka cha kumi na saba kiliandikwa: Mwandishi, Mjomba.

Kwa sababu ya kiraka hicho pampu zilizunguka kavukavu hadi zikaungua. Mitaa mitatu ilikaa siku nne bila maji. Wodi ya wazazi ikaogesha vichanga kwa maji ya chupa. Na mzee wa miaka ishirini na sita kazini akatolewa getini na kikombe chake kwapani, kama mwizi wa kuku. Hakubisha hata neno moja. Hilo ndilo lililomkaa Pilipili kooni kama mwiba wa samaki.

"Someni wenyewe," alisema, akigonga ukuta palipoangaza maandishi. "Kinawasha pampu bila kuuliza kama tangi lina maji! Mjomba aandike hivi? Mjomba aliyekuwa akinichapa kwa rula nikisahau nukta? Hii ni kazi ya mtu aliyeandika huku anasinzia."

"Jina ni lake," alisema Meneja.

"Jina hubandikwa."

Aliikumbuka kama jana asubuhi ya kikao kilichomfukuza Mjomba. Alikuwa na wiki tatu tu tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, usiku akikesha na mtoto, mchana akiandika viraka. Mjomba alimkuta getini, akamgeuza. "Rudi nyumbani ukanyonyeshe, mwanangu. Humu leo ni kelele tupu." Kesho yake aliikuta meza ya mzee imefutwa, hata vumbi halikuachwa.

Tangu siku hiyo aliandika barua kumi na moja. Alichotaka ni kimoja: historia ya rundo lenyewe la viraka. Maana Mjomba alikuwa ameweka utaratibu ambao wavivu waliusahau: folda ya viraka nayo ilitunzwa ndani ya mfumo. Ukigusa kiraka, hata mstari wa jina tu, mfumo unaandika nani kagusa, lini, na kwa nini. Meneja aliifunga historia hiyo kwa nywila na kusema shauri limekwisha. Mtu asiye na uchafu hafungi kabati, Pilipili alijiambia, na kila barua iliyorudi bila jibu ilimwongezea kuni motoni. Leo kamati ilikuwa imeamuru ifunguliwe. Ikithibitika jina lilichezewa, Mjomba angerudishwa kazini kwa heshima zake zote.

Jana alikwenda kumpa habari hiyo. Alimkuta barazani akichomelea nyaya za redio mbovu.

"Liache rundo, mwanangu," mzee alimwambia bila kuinua macho. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Walikuchafulia jina, Mjomba!"

"Jina ni langu. Nimeridhika nalo lilipo." Akapuliza moshi wa risasi ya kuchomelea. "Mtoto anaendeleaje? Ameanza kusema?"

"Anasema kunishinda. Usinibadilishie maneno. Ukimya wako ndio unaowanenepesha hawa watu!"

Mzee akacheka kidogo, akarudi kwenye redio yake.

Sasa mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshamkabidhi nywila. Meneja alikuwa akikitazama kiatu chake. Pilipili aliiandika, kisha akainua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Kabla sijafungua, naomba katibu aandike. Aliyeandika uchafu huu, akakaa hapa miaka miwili anakula raha huku mzee wa watu akimbebea mzigo, atoke leo. Bila barua, bila kuaga. Apite getini palepale alipopita Mjomba, na sisi sote tumesimama tunatazama."

"Hata akiwa nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Hata akiwa mtoto wa mama yangu!"

"Meneja?"

Meneja alimeza mate. "Mimi sina pingamizi."

"Unaona? Sauti imekauka," Pilipili alimwambia. "Kunywa maji, bosi. Siku hizi yanatoka."

Katibu akaandika. Wajumbe wote watatu wakatia sahihi. Pilipili akabonyeza, akasogea pembeni ili kila mtu aone ukuta vizuri.

Kwa rangi nyekundu, kilichofutwa: Mwandishi, Pilipili.

Kwa rangi ya kijani, kilichowekwa badala yake: Mwandishi, Mjomba.

Aliyebadilisha: Mjomba, siku ya kikao, saa moja na dakika arobaini asubuhi.

Sababu: Nimesahihisha jina.