Sikio la Sebuleni

Siku hizi hakuna foleni ya kura. Kila sebule ina kisikio ukutani, kinasikiliza maoni ya wenyeji na kupiga kura kwa niaba yao. Mwanahawa alikipenda kupita kiasi! Akikanda unga wa chapati hukimwagia maoni yake yote, akajiona yumo bungeni.

Swali la wiki hii lilimchemsha damu: je, visikio viwekwe na vyumbani mwa kulala?

"Thubutu!" alikipigia kelele asubuhi. "Chumbani kwangu? Hata kwa dawa!" Moyo ukamdunda kwa raha. Ama kweli, sauti yake ilikuwa na uzito.

Alasiri akaja mama mkwe, Bi Tatu, akakaribishwa chai na kaimati.

"Asiye na la kuficha aogope nini?" alisema Bi Tatu. "Viwekwe tu."

Mkwe habishiwi. "Ni kweli, mama," Mwanahawa akajibu, akimmiminia chai.

Taa ya kijani ya kisikio ikawaka ukutani. "Mwanahawa, umebadili maoni. Unathibitisha?"

Bi Tatu akamtazama. "Au umenikubalia kwa adabu tu, mwanangu?"

"La, mama," akasema Mwanahawa, akimsogezea kaimati. "Kwa moyo wangu wote."

"Kura imepokelewa," kikasema kisikio, na taa ikazimika.