Hata Mmoja Hayupo

“Sema wapo,” Ndugu Lapshin alirudia, akimsogezea Maappa redio hadi kidevuni. “Neno moja tu. Unaona tabu gani?”

“Naona tabu kusema nisichokiona.”

Mkaguzi huyo alikuwa ametua na helikopta asubuhi hiyo, na tayari kibanda kilimchosha. Shida yake ilijulikana kambi nzima. Lemingi, vile vipanya vinene vya chini ya theluji, wakizaana sana, mbweha weupe wanaowala nao huzaana. Na mbweha wakiwa wengi, mpango wa manyoya, yaani idadi ya ngozi ambazo wawindaji hudaiwa, hupandishwa na mkubwa huvishwa nishani. Ila mjini walimwamini Maappa peke yake, maana ndiye aliyewafuatilia lemingi tangu usichana wake, na hakuwahi kuwadanganya.

Mpango huo huo ndio uliowatupa wanaume mitegoni ng’ambo ya mto majira ya baridi yaliyopita. Wawili hawakurudi. Nukulay, mdogo wake Maappa, alirudi bila vidole vya miguu. Sasa dada wa mtu kama huyo utamtisha kwa lipi?

Lapshin akatoka, akafungua mwenyewe visanduku vya kunasia lemingi vilivyopangwa thelujini. Vitupu vyote. Nyuma ya kibanda Nukulay alikuwa akiimba kwa nguvu zake zote, wimbo mbaya, sauti mbaya zaidi.

“Mwambie huyo mdogo wako anyamaze.”

“Alikatwa vidole, mkubwa, hakukatwa ulimi.”

“Nitakufukuza kazi.”

“Nifukuze. Halafu ukae hapa wewe, uwatafute.”

Lapshin akamtupia redio. Maappa akaidaka, akaiwasha. Hofu alikuwa nayo, nani asingekuwa nayo, lakini uso hakuuinamisha.

“Mjini, Maappa hapa. Lemingi mwaka huu hakuna. Hata mmoja. Msipeleke watu mitegoni.”

Redio ikakoroma kidogo, kisha ikajibu kwamba wamemsikia, na mpango wa manyoya umefutwa kwa msimu huo.

Lapshin alipanda helikopta bila kuaga. Maappa akasimama mlangoni mpaka mngurumo ukapotea kabisa.

“Dada,” Nukulay akaita kutoka nyuma ya kibanda, sauti imemkauka, “niwafungulie sasa? Wameshatafuna gunia la tatu.”