Mfalme wa Ukutani

Siku mume wangu Makame alipofariki, jioni ile ile alirudishwa kwenye ukuta wa sebule, kama wanavyorudishwa marehemu wote siku hizi. Sura ya ukutani hutengenezwa kwa filamu ya mwisho ya mtu; hujibu inayoyasikia, lakini hukumbuka yaliyomo humo tu. Makame, aliyekuwa akiwatoa mende nje kwa karatasi wasiumie, alikuwa na filamu moja tu: mchezo wa jukwaani alimoigiza mfalme mlipiza kisasi.

Mkamwana wangu Mwanaidi alipowaletea waombolezaji chakula, ukuta ulinguruma.

"Damu ya nani hiyo?"

"Ni mchuzi wa pweza, baba."

"Pweza ameuawa? Muuaji wake halali leo!"

"Muuaji ni mimi, baba. Na wali upo."

Watu walicheka wakiziba midomo kwa kanga. Nami nilicheka, huku nikingoja aniite Mama Riziki kama zamani. Hakuniita, kwa sababu jina hilo halimo kwenye filamu.

Katika mchezo ule, anayeitwa kwa upole ni malkia peke yake, kabla ya kuchomwa kisu. Sasa kila jioni navuta kiti karibu na ukuta, Makame ananiita Malkia, nami naitika.